Aliyenifundisha Kutazama

Karakana ya Ushirika ya Kuchapa Nguo,
Mkuyuni, Mwanza.
21 Novemba, 1976.

Mpendwa dada yangu Jyotsna,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na naomba barua hii, ambayo itapita mikono mingi kabla ya kufika Jamnagar, ikukute na wewe mzima, pamoja na shemeji na watoto. Mama Bhanumati mpe shikamoo yangu, uiweke miguuni pake kama alivyonizoesha alipokuwa bado jirani yetu. Huku mvua za vuli zimeanza kwa kishindo. Juzi maji yaliteremka kutoka kwenye mawe ya mlimani yakaingia hadi chumba cha rangi, tukashinda tunayachota kwa ndoo. Ziwa nalo limechafuka, limekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Barua yako ilinifikia tarehe tatu ya mwezi huu. Niliifungua nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa sakafuni. Pole sana, dada. Pole kwa Mama, pole kwenu nyote. Kumbe Mzee Jivraj, baba yako, amelala tangu Julai, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikipita mbele ya meza yake nikimfikiria kama mtu aliye hai mahali fulani, anakunywa chai, anakemea watu. Siku hiyo sikufanya kazi tena. Nilikwenda kanisani, na ingawa sijui kama inafaa kumwombea mtu wa dini yenu kwa sala zetu, nilimwombea hivyo hivyo.

Umeniandikia kwamba unafundisha shule ya watoto wadogo, na watoto wenyewe wanajua kukariri tu, ukiwaambia wabuni jambo lao wanalia. Umeniomba nikueleze jinsi Baba alivyotufundisha, kwa kuwa wewe ulikuwa mwalimu kule Shinyanga miaka ile, na karakana uliiona wakati wa likizo tu. Nitakueleza yote ninayokumbuka. Halafu kuna lile jambo lingine, uliloliandika kwa mistari mitatu mwishoni kabisa, kuhusu Mama. Na hilo nitalijibu, lakini niache nianze na hili jepesi.

Nilikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba mwaka 1969, nina cheti cha darasa la saba na mkono unaosifiwa. Shuleni kwetu Masista walikuwa wakinipa picha ya Bikira Maria niinakili, nami niliinakili hata mikunjo ya nguo isipungue. Kwa hiyo Mzee aliponipa karatasi siku ya kwanza akaniambia nichore kanga, sikuhangaika. Nilichora korosho katikati na maua kwenye pembe nne, nikampelekea kabla ya saa sita. Aliitazama vizuri, akausifu mkono wangu mbele ya watu. Kisha akaenda kabatini akatoa kanga ya zamani, akaitandika kando ya karatasi yangu. Zilikuwa kitu kimoja.

Akaniuliza kwa upole, "Kemilembe, mkono wako mzuri sana. Lakini wewe mwenyewe uko wapi hapa?"

Niliona haya, nikamchukia kwa muda wa wiki nzima.

Baada ya hapo miezi mitatu hakuniruhusu kuchora. Kila asubuhi alinipa kitu kimoja: kipande cha kamba, sabuni iliyokwisha tumika, jiko la mkaa lililotoboka. Nilitakiwa nikitazame mpaka jioni, nimtajie mambo ishirini kukihusu, na nisirudie hata moja. Dada, jaribu hilo kwa watoto wako, ila uwape mambo machache. Kumi ya mwanzo yanakuja mbio, kwa sababu ni yale ambayo kila mtu anayajua. Kamba ni ndefu, kamba inafunga ng'ombe. Halafu kichwa kinakauka. Unakaa na ile kamba, unaona umeonewa, unataka kulia. Mzee alikuwa akipita hapo makusudi, akisema pale penye ukavu ndipo kazi inapoanza, na mtu akiondoka hapo amejinyima. Siku nilipomwambia kwamba ile kamba imelegea upande mmoja kwa kuwa mtu aliyeisokota alikuwa amechoka jioni, alicheka kwa furaha, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani mapema.

Alikuwa na mkebe wa majani ya chai uliojaa vikaratasi, kila kimoja kina neno. Tulichomoa viwili bila kuangalia, tukachora mchoro mmoja unaoyaunganisha maneno yote mawili. Tereza, ambaye nadhani unamkumbuka kwa kicheko chake, alipata "harusi" na "utelezi". Tulicheka mpaka mashine zikasimama. Lakini alichora mistari ya mawimbi yenye miguu midogo inayokaribia kuanguka, na wanawake wa Igoma waliinunua nguo ile ikaisha. Rangi ikimwagika kwenye kitambaa, Mzee hakukubali kitupwe kabla hatujakaa tukakitazama na kukiuliza kinataka kuwa nini. Alisema kosa ni mgeni, huwezi kumfukuza kabla hujamsikiliza shida yake. Na jambo moja kubwa zaidi: hakuwahi kumcheka mtu kwa wazo baya. Aliyechekwa, alisema, kesho ataleta la jirani.

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa na kitabu, wala hakuficha kitu. Kabati lake la mihuri ya mbao ya kuchapia nguo, ile aliyoichonga baba yake na ile aliyoichonga yeye, halikuwa hata na kufuli. Naomba uyashike maneno haya.

Sasa nifike kwenye nguo yangu. Mwaka 1973, mwezi wa Agosti, nilikwenda Igombe kumtazama mgonjwa. Pale ufukweni wanawake walikuwa wameanika dagaa mchangani, eneo kubwa lote limefunikwa, linang'aa. Nilikaa kuwatazama kwa mazoea tu ya ile kamba. Wachoraji wote wamekwisha chora samaki, na mimi nilijua nikimchora nitaambiwa huyu ni wa sokoni. Nikakaa mpaka nikakauka. Ndipo nikaona kwamba katikati ya ule mng'ao kulikuwa na nafasi tupu, vipande vidogo vya mchanga ambapo wanawake walikuwa wakikanyaga wanapogeuza dagaa. Ukifuata zile nafasi ungejua nani amepita, kama alikuwa na haraka, kama alikuwa na mtoto mgongoni, kwa sababu wayo wa mwenye mzigo ni mpana. Watu wenyewe hawakuwapo tena, wamekwenda kivulini. Nikachora zile nafasi. Dagaa niliwaacha wawe weupe wa kitambaa.

Nilipompelekea Mzee aliinama juu ya karatasi muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Hii sijawahi kuiona."

Nimesifiwa mara nyingi baada ya siku hiyo, na watu wenye vyeo, lakini sijapata tena kusikia neno lililoniingia kama lile. Alinipa ubao wake wa mninga aliokuwa amejiwekea, akaniacha nichonge mwenyewe, akawa anashika taa tu na kunionyesha pa kulegeza patasi. Nguo ilipotoka wanawake wa sokoni waliipa jina wao wenyewe, Mama Kapita. Wewe mwenyewe ulichukua mbili, ukasema moja utaivaa na nyingine utaitunza.

Hapa, dada, ndipo habari yangu inapogeuka, na ningekuomba ukae chini kama hujakaa.

Unajua kwamba Mzee hakuwa na uraia. Alisema kila mwaka kwamba ataomba, na kila mwaka kazi ilimshika. Kwa hiyo kibali chake cha kazi kilikuwa kikiombwa upya, na safari hii, mwezi wa Machi 1974, ofisi ilitaka karakana ieleze kwa nini hakuna mwananchi wa kushika nafasi yake baada ya miaka yote ile. Meneja wetu alikuwa Ndugu Antoni, aliyeletwa kutoka ushirika wa pamba. Sitaki nimpake matope, alikuwa anatafuta kuonyesha kwamba wafanyakazi wanaweza kujiendesha, na hilo ni jambo jema. Aliniita ofisini akanieleza kwamba kuna njia mbili. Tukisema Mzee ametufundisha vizuri, basi kazi yake imekwisha, ataondoka, lakini ataondoka kwa heshima na muda wa kujiandaa, pengine mwaka, pengine zaidi, na huenda hata akapata nafasi ya kuomba uraia, na ombi likapita. Tukisema alikuwa akificha ufundi na kuwanyima wafanyakazi, ataondoka upesi, nafasi itajazwa mara moja, na mimi ndiye nitakayekuwa mkuu wa chumba cha michoro. Mama Kapita ingekwenda maonyesho ya Saba Saba kwa jina langu peke yangu. Barua ya pili ilikuwa tayari imepigwa chapa. Ilikuwa imeandikwa kana kwamba mimi ndiye ninayesema. Ilisema kwamba katika miaka mitano Mzee Jivraj hakunifundisha lolote, kwamba alifunga mihuri kabatini, na kwamba yote ninayoyajua niliyapata kwa jitihada zangu mwenyewe.

Ndugu Antoni hakunilazimisha. Alinipa siku mbili za kufikiri.

Ningependa kukuandikia kwamba niliogopa, kwa sababu mwoga husamehewa. Sikuogopa. Siku ya pili nilipita sokoni hapa Mkuyuni, nikasikia muuza nguo akimwambia mteja kwamba Mama Kapita imechorwa na yule Mhindi mzee wa karakana, maana nani mwingine angeweza. Nilisimama pale nikihisi nimevuliwa nguo. Ule mchanga wa Igombe nilikuwa nimeukalia mimi. Nilitaka wazo lile liwe limezaliwa na mimi tu, lisiwe na baba wala bibi, watu waseme Kemilembe ameanza na Kemilembe ameishia. Nikarudi karakana na hasira ile, nikaingia ofisini, nikatia saini. Sikusoma hata mara ya pili. Na baada ya kutia saini nilikwenda kwenye meza yangu, na Mzee alikuwa ameniwekea chai, nikainywa.

Hiyo ndiyo barua iliyomwondoa baba yako. Ni mimi niliyeitia saini. Wewe umeniandikia kwamba hamkupata kumjua aliyefanya hivyo, na kwamba unashukuru angalau nilikuwepo mimi niliyempenda. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko sala.

Lakini kuna zaidi, na hili ndilo la Mama. Umeandika kwamba hadi leo hajamsamehe Mzee, kwa sababu alipoulizwa pale ofisini kama ni kweli aliwaficha watu ufundi, alijibu kwamba ni kweli. Umeandika kwamba hakutaka kueleza kwa nini alikiri, na kwamba watu wa huko wakawa wanamnong'ona, kwamba ni mtu aliyefukuzwa Afrika kwa kuwanyima maskini kazi. Kwamba Mama aliacha kula naye meza moja. Na wewe mwenyewe hujui uamini nini.

Unaikumbuka siku ya treni. Mizigo ilikuwa imekwisha pakiwa, Mama amekaa dirishani, na Mzee akasema amesahau miwani, akachukua teksi, mkabaki mnamngoja mpaka filimbi ya kwanza ikapigwa. Mama alimgombeza mbele ya watu. Miwani ilikuwa mfukoni mwake, dada. Alikuja karakana.

Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Aliniambia kwamba afisa alikuwa mtu mwenye adabu, alimsomea barua yangu mstari kwa mstari, akampa nafasi ya kujitetea. "Nikamwambia ni kweli," alisema.

Nilimwuliza kwa nini.

Akasema, "Ningesema si kweli, kesho wangekuita wewe. Wangekuita mwongo, wangekufukuza. Mimi kibali kitakwisha tu, kama si mwaka huu, mwaka ujao. Basi karakana ibaki na nani?"

Alisema vile kama mtu anayepanga mihuri kabatini. Kisha aliniambia nisiwaeleze watu wa nyumbani kwake, kwani mtanichukia bure na hakuna kitakachorudi. Akaniuliza nimechora nini wiki ile. Nikamwambia sijachora. Akatikisa kichwa, akatazama kile chumba, akaondoka. Sikumwomba radhi. Midomo ilikuwa yangu, muda ulikuwepo, teksi ilikuwa bado imesimama nje, na sikumwomba radhi. Nimekaa miaka miwili na nusu nimejificha nyuma ya neno lake kwamba nisiseme, nikijiambia namtii.

Usidhani nilifaidi. Nilipewa cheo, jina langu liliandikwa kwa herufi kubwa kule Saba Saba, na watu walinipongeza. Lakini tangu Machi ile sijapata wazo jipya hata moja. Kamati inaniomba nguo mpya, mimi naleta Mama Kapita ya kijani, naleta Mama Kapita ya bluu, nyayo zikiwa kubwa, nyayo zikiwa ndogo. Nikikaa na kitu kukitazama, kabla hakijaniambia chochote naiona ile saini. Nimewafundisha wasichana wanne kwa njia zile zile za baba yako, kamba na jiko na vikaratasi, na mmoja wao, Paskazia, mwenye akili kali, aliniuliza mwaka jana nani alinifundisha haya. Nilimwambia ni mimi mwenyewe.

Barua yako ilipokuja niliona kwamba yaliyobaki kwangu ni machache, lakini nisipoyafanya sasa sitayafanya. Niliandika maelezo kwa mkono wangu, nikayapeleka kwa kamati ya wafanyakazi na nakala kwa ile ofisi ya vibali, nikisema barua ya 1974 ilikuwa ya uongo na Mzee Jivraj alikiri ili kunilinda. Ndugu Antoni alinisihi niache, akasema mambo ya kale hayachimbuliwi, na mwenyewe amekufa. Nilimwambia mjane wake hajafa. Kamati ilikaa Alhamisi iliyopita. Maelezo yalisomwa mbele ya wote, na mimi nilisimama. Nimevuliwa ukuu wa chumba cha michoro, na sasa nipo chumba cha kuoshea vitambaa. Nafasi amepewa Paskazia, na inamfaa. Tereza hajanisemesha tangu siku ile isipokuwa kuniambia ndoo iko wapi. Simlaumu. Yeye alimlilia Mzee mwezi mzima, mimi nikimtuliza.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya maelezo hayo, ina muhuri wa kamati na saini tatu. Waonyeshe wanaonong'ona. Najua hayamrudishi mtu mezani alikotengwa, wala hayamfikishii Mzee neno moja nililomnyima pale mlangoni. Sikuombi unisamehe, kwa sababu aliyepaswa kuulizwa hilo mmekwisha mchoma na majivu yake mmeyapeleka majini. Sijui nitachora tena au la. Kila Jumapili nakwenda Igombe nakaa, narudi karatasi ikiwa nyeupe.

Nisalimie watoto, na shemeji. Msalimie yeyote huko ambaye bado anaikumbuka Mwanza kwa wema. Nina ombi moja tu, halafu ufanye upendavyo na jina langu. Msomee Mama barua hii leo hii, kabla hujafikiri utanijibu nini. Isome wewe kwanza kimoyomoyo kama lazima, lakini umsomee. Hasira yako kwangu inaweza kungoja, dada, nami nitakuwepo hapa kuipokea. Mama ni mzee, na bado ana mume wa kumlilia upya.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako,

Kemilembe Rwegasira